Herufi ya U

Trekta si jina nililompa mimi.
Alikuja nalo kutoka ghala la sukari la Muhoroni,
pamoja na kovu sikioni, shingo nene kama pipa la lami,
na imani kwamba kila kilicho mbele ni chake
na kila kilicho nyuma ni mzigo.
Mzigo ni mimi:
Konsolata Abidha, mwalimu mstaafu,
bega la kushoto limefungwa bandeji tangu Pasaka.

Asubuhi ya kwanza tulitoka langoni, hapa Migosi,
yeye kichwani mwake ameshafika Kibos.
Nilipita duka la Wasonga nikiteleza kwa visigino,
kandambili moja ikabaki kwenye tope jeusi,
na Wasonga, mikono imejaa unga, akauliza:
"Mwalimu, leo nani anamtembeza nani?"
Sikumjibu.
Pumzi ya kujibia ilikuwa imetangulia na mbwa.

Usiku nikaitazama kamba pale msumarini.
Aibu ikanijia polepole, kama maji chini ya mlango:
nami nilikuwa navuta.
Nikikaza, anakaza;
kila mmoja amemwegemea mwenzake
na kuliita hilo nguvu.

Kesho yake nikatia omena wakavu mfukoni
nikatoka na sheria moja.
Kamba ikikaza, mimi ni nguzo ya stima.
Ikilegea, mimi ni miguu.

Hatua mbili, nguzo.
Hatua moja, nguzo.
Nusu hatua.
Bodaboda wakanipigia honi.
Mama mmoja wa kanisani akauliza kama nimepotea njia.
"Naisubiri kamba," nikamwambia,
akaondoka akitikisa kichwa kwa upole wa kuombea wagonjwa.

Ogutu wa jirani, yuko likizo na hana kazi,
akageuza daftari la hesabu, akaanza kuandika visimamo,
langoni hadi kioski cha maji:
Jumatatu 41.
Jumanne 38.
Jumatano 52, kwa sababu ya mbuzi.
Alhamisi ilinyesha. Akaandika: Mvua, mwalimu amekataa.

Nguo zangu zote zinanuka omena.
Paka wasionijua wananisindikiza.

Siku ya kumi na moja, karibu na fundi baiskeli,
nilikuwa nguzo kwa muda mrefu hata nikasahau kungoja.
Trekta akageuka.
Akanitazama kama mtu anayepita nyumba fulani kila siku
na leo ndiyo kwanza anaona kuwa ina mlango.
Akarudi hatua moja.
Kamba ikashuka kati yetu
ikachora u, ndogo, safi,
ile niliyowafundisha darasa la kwanza miaka thelathini:
shuka, zunguka, panda,
usibonyeze penseli.

Tukatembea.
Sikuthubutu hata kumsifu kwa sauti.

Binti yangu Akeyo yuko Eldoret.
Nilikuwa nampigia simu mara tano kwa siku:
umekula, umelala, yule kijana bado mnaonana.
Jumapili nimeiweka simu kwenye kabati la vikombe.
Sijui kama somo ni lile lile.
Mbwa ni mbwa, na mtoto si wa kulishwa omena njiani.
Lakini bega, nikimfikiria, linauma palepale.

Jana visimamo vilikuwa vitatu.
Leo tulifika kioski bila hata kimoja,
nami nikainua kidevu nikimtafuta Wasonga anione,
ndipo kwarara akashuka mtaroni,
akapiga ule ukelele wake wa mtu aliyeibiwa,
na ghala zima la Muhoroni likaamka ndani ya mbwa.

Nililala chali kwenye tope, kamba bado mkononi.
Kwarara alikuwa ameshapaa.
Trekta akarudi mwenyewe, ananihema usoni,
akala omena wote waliomwagika,
mmoja mmoja, bila haraka,
kisha akakaa kando yangu,
kamba imelegea.

Ogutu alisimama juu yetu, penseli mdomoni.
"Mwalimu," akasema, "hii niiandike kisimamo?"