Mazoezi ya Usaili, Machomane

Haroub kavaa koti la baba, lile la harusini,
kakaa juu ya kreti la soda,
anakohoa kama mkurugenzi.
"Tupe mfano," asema, "wa siku uliyokosea kazini."

Majibu nimeyaandika kwenye daftari la mikopo ya duka,
nyuma ya deni la sukari la Salhiya:
hali, wajibu, hatua, matokeo.
Nimeyahifadhi kama beti za maulidi.

"Kosa langu, najituma kupita kiasi…"
"Muongo," asema mkurugenzi,
miaka kumi na mitatu, kamasi puani.

Haya.
Nilimdai Bi Mize hadharani,
foleni ya mkate imefika barazani,
watu wanasikia: elfu kumi na nne, tangu Shaabani!
Hakujibu. Alifungua fundo la kanga, akalipa.
Usiku, nikipiga hesabu, ndipo nikaona:
Mize binti Juma, Mize binti Hamad.
Nimemtoza asiyekopa.

Asubuhi nikenda kwao Tibirinzi na mvua,
pesa zake ndani ya mfuko wa nailoni.

"Matokeo?" auliza Haroub. Kalamu kaisahau sikioni.

Alizihesabu mlangoni. Hakuniita ndani.
Tangu hapo naandika jina la mtu
mpaka la babu yake.

Haroub anavua koti, jasho linamtoka.
"Kawambie hilo."

Kesho saa tatu, bandarini Wete, wanataka karani wa stoo.
Napiga pasi baibui.
Penye *matokeo* nimefuta "mteja aliridhika",
nimeandika: hakuniita ndani.