Neno Lililoliwa

Redio ililila mwaka niliong'oa meno ya mbele.
Mama aliuvuta utepe kinywani mwa mashine
kama atoaye mwiba wa samaki kooni mwa mtoto,
Fundi Bwanadi akaukata, akauunga kwa selotepu,
na tangu siku hiyo Bi Khuleta akawa anaimba:

*Si homa wala si njaa, si deni wala si shari,*
*nikeshapo nikakaa, kinichomacho —*

trrk.
Kisha fidla, kana kwamba hakuna aliyeibiwa.

Nyumbani kwetu Barani kila mtu alikuwa na lake.
Mizani inadai silabi tatu, alisema baba,
akihesabu kwa vidole vyenye wino, na kina ni *ri*.
Yeye alitia *safari*.
Mama, *habari*; na hakumtazama baba alipolisema.
Bibi akasema *kadari*, akarudi kwenye uradi wake.
Fundi Bwanadi, mguu umefungwa bendeji, alicheka peke yake:
*sukari*, jamani, mimi kinichomacho sukari.

Mimi nilipotimiza miaka kumi na sita nilitia *Anwari*,
kimoyomoyo, nikikwangua ukoko wa sufuria.
Hata Anwari alipokwenda Mombasa kujifunza kuchomelea vyuma
na akaoa hukohuko,
sikulitoa.
Lilikuwa limeshakaa sawa kwenye mizani.

Jana aliletwa Malindi.
Arusi ya binti wa mwenye duka la simiti,
uwanja wa nyuma ya shule, viti vya plastiki, jenereta la kukodi.
Nilifunga cherehani saa tisa. Nilivaa leso mpya
ambayo haijaona maji, inakwaruza shingo.

Nilitarajia mtu mrefu.
Sauti ile ilikuwa ikijaa kwetu mpaka darini.
Akapanda mama mfupi, viatu kaviacha chini ya ngazi,
vifundo vimevimba,
kibomba cha pumu kakiweka juu ya kinanda
kama mtu awekavyo funguo za nyumba yake.
"Shusha kidogo, mwanangu," akamwambia mpigaji,
"siku hizi huko sifiki."
Na wimbo wangu ukaanza chini kuliko ninavyoujua,
ukishuka taratibu, mkono mmoja ukutani.

*Si homa wala si njaa*
Nilisimama. Sikujua kuwa nimesimama
mpaka wa nyuma aliponivuta buibui: kaa, wewe, hatuoni.

*nikeshapo nikakaa, kinichomacho —*

akatuelekezea sisi kipaza sauti.

Wanawake mia tatu wakafunua vinywa,
na Mama Rehani, ubavuni pangu, Mungu amsamehe,
akapiga kigelegele kilichonipasua sikio la kulia.
Nilipata *ari* tu.
Mkia wa neno. Kiwiliwili kimeshapita.

Nikaenda kutunza.
Noti ya mia mbili, niliyoikunja mara nne tangu asubuhi,
na swali moja nililolibeba miaka thelathini na moja.
Aliinama anipe sikio. Alinukia asumini na dawa ya kuchua.
Jasho lilikuwa limemchora mstari kwenye poda.
Nikafungua kinywa, na kilichotoka ni

"Shikamoo."

Akauacha ubeti katikati, fidla zikazunguka zikimngoja.
"Marahaba, mwanangu."
Sauti ileile. Ile ya kwenye kabati la vyombo,
ya siku za kufua, ya usiku baba alipofungasha kweli,
safari hii ina mate, ina pumzi,
na inanijibu mimi.

Leo nimeiweka tena kaseti.
*Si deni wala si shari.*
trrk.
Nimejaribu kutia *marahaba*.
Silabi nne. Mizani imezidi, kina kimevunjika,
baba angenirudisha nikae chini nianze upya.

Nimeliacha.