Swali la Kumi na Tisa

Nilikunja mkono wa blauzi hadi begani
kabla sijaulizwa hata jina.
Mshipa wangu ni mzuri. Naijua mishipa:
miaka thelathini nimeitafuta
katika mikono ya wazee wa Wolverhampton,
ngozi nyepesi kama karatasi ya sigara,
na ni wachache niliowachoma mara mbili.

Muuguzi wa kituo cha damu, Kisumu,
aliitwa Nasike, kifuniko cha kalamu yake kimetafunwa.
Uzani? Sitini na nane.
Umelala? Kidogo.
Umekula? Uji na muhogo.
Umechanjwa chale, umejifungua karibuni?
Nikacheka: nina miaka hamsini na minne!
Naye akacheka,
mpaka kidole chake kilipofika swali la kumi na tisa.

Umewahi kuishi Uingereza, miezi sita au zaidi,
kati ya mwaka wa themanini na wa tisini na sita?

Ningeweza kusema hapana.
Nani angejua?
Ghorofani, wodi ya watoto, Ogweno wa dada yangu
alikuwa amelala macho ya manjano,
seli zake zimepinda kama mundu,
akiuma shuka ili asilie.
Lakini fomu kama ile nimeijaza kwa mkono huu huu,
nimewafunza wasichana wa zamu:
fomu haidanganywi,
anayedanganywa ni yule aliye kitandani.

Miaka saba, nikasema.
Pole, mama, akasema. Ni ile nyama.

Ile nyama!
Ijumaa usiku, zamu imekwisha, mvua ya ubavuni,
nami na miaka yangu ishirini kwenye kituo cha basi
nikila mkate wenye nyama ya kusaga, ya bei ya chini kabisa,
mafuta yakinichuruzika hadi kiwiko.
Ndicho kitu pekee cha moto kilichonigusa wiki nzima.
Ng'ombe wa kule walilishwa mifupa ya wenzao, wakapata kichaa.
Huenda kichaa chao kimo ndani yangu, huenda hakimo.
Hakina haraka, wanasema.

Na kule nako nilikataliwa.
Umetoka kwenye mbu, waliniambia, subiri kwanza.
Damu nzito kuliko maji, sawa,
lakini hii yangu, lita tano, haina pa kwenda.

Baba aliuza ng'ombe watatu nipate tiketi:
Rachar, Rabuor,
na yule wa pembe moja, aliyekuwa mahari ya Ochola.
Ochola mwenyewe ndiye aliyewaswaga hadi mnada wa Ahero,
akarudi jioni na kamba tatu begani.
Alioa akiwa na mvi.
Sikuwahi kumuuliza.

Nilimpigia simu. Anaziba pancha Kondele.
Alikuja na grisi kwenye kucha,
akanawa mara mbili, haikutoka.
Busia alifika mara moja, akarudi siku hiyohiyo.
Nasike akamsomea maswali yote, kwa kuwa kila mtu husomewa,
na kwenye lile la kumi na tisa
ndugu yangu akanitazama mimi, si yeye.
"Huyu ndiye aliyeenda," akasema. "Sisi wengine tulibaki."

Sindano ikaingia.
Mashine ikaanza kuutikisa mfuko, polepole,
nami nimesimama na koti lake mkononi, lanuka mpira,
nikihesabu kama ninavyohesabu daima,
ingawa hakuna aliyeniomba.

Walimpa soda na biskuti nne.
Mbili akazisukuma upande wangu wa meza.
Kula, akasema, umekuwa mweupe kama Rachar.
Nikala. Zilikuwa zimelainika.

Jioni mfuko ulining'inia juu ya Ogweno,
umefika nusu.
Akaushika mkono wangu, blauzi bado imekunjwa,
akaugeuza huku na huku
akitafuta plasta.
"Mama mkubwa, walikuchoma wapi?"