Niandikie, Karani

Nimekuja na faili, la kijani limechoka,
Mtopanga ni kwa mbali, giza halijaondoka,
Hapa ni mara ya pili, na saa tano yafika,
Niandikie karani, sikio halisikii.

Jina langu Mwanatumu, mwana wa Kombo Faraji,
Kazi yangu ni ya simu, nikiunganisha mji,
Mchana, usiku, zamu, hakungoja mhitaji,
Niandikie karani, sikio halisikii.

Ubao una matundu, mia mbili na sitini,
Waya nyeusi, nyekundu, nachomeka kwa makini,
Nasikia ya watundu, nayafunga kifuani,
Niandikie karani, sikio halisikii.

Namjua kwa sauti, mwoka mikate wa Kuze,
Mkunga hana wakati, gari mbio niagize,
Na habari za mauti, wafiwa niwatulize,
Niandikie karani, sikio halisikii.

Radi ya mwezi wa tano, ikapiga kwenye waya,
Mluzi mkali mno, kushoto ukabakiya,
Bosi kanyosha mkono, "Rudi zamu," kanambiya,
Niandikie karani, sikio halisikii.

Siku ya kustaafu, saa wakanitunuku,
Wanaokuja husifu, mlio wake usiku,
Kwangu ni kimya kirefu, kwenye kile kisanduku,
Niandikie karani, sikio halisikii.

Birika lapiga mbinja, hadi maji yamekwisha,
Adhana sasa naonja, kanzu zikiharakisha,
Na mjukuu mjanja, kaandika, kanonyesha,
Niandikie karani, sikio halisikii.

"Ipo kadi, bibi yangu, yapunguza na ushuru,
Na kifaa cha mzungu, sikio kukunusuru,
Na nyongeza kwenye fungu, la pensheni, ushukuru."
Niandikie karani, sikio halisikii.

Nikenda hospitali, bodi ghorofa ya tatu,
Lifti ina kufuli, ngazi zanila viatu,
Barakoa mbilimbili, midomo sioni katu,
Niandikie karani, sikio halisikii.

Fomu yauliza jambo, "Ulemavu toka lini?"
Nikajaza bila tambo, "Toka nikiwa kazini."
"Tarehe, binti wa Kombo!" wakanirudisha chini,
Niandikie karani, sikio halisikii.

Nilikuja Jumanne, mara tatu ukaita,
Sikusikia, mwingine, mbele yangu akapita,
Nikasimama nione, dirisha umelivuta,
Niandikie karani, sikio halisikii.

Penye pesa za wazee, "Una pensheni, toka!"
Kwa pensheni, "Ngojee, kadi haijatufika,"
Kwa kadi, "Bi, niletee, barua waloandika,"
Niandikie karani, sikio halisikii.

Sikuja kama fakiri, mlangoni, Ijumaa,
Mlinikata tayari, kila mwezi ukijaa,
Kudai changu si shari, wala si ombi la njaa,
Niandikie karani, sikio halisikii.

Leo Mzee Mbaraka, wa kiti cha kusukuma,
Kuli aliyevunjika, mgongo kubeba chuma,
Kiganjani kaandika, namba yangu nikasoma,
Niandikie karani, sikio halisikii.

Yeye sikio la mbele, mimi mguu wa kwenda,
Ukiita, pale pale, begani ananidunda,
Nasukuma polepole, kizingiti tukipanda,
Niandikie karani, sikio halisikii.

Tumefika, hutazami, wasema na karatasi,
Mbaraka asema, mimi, nasema, tena kwa kasi,
Ninausoma ulimi: "Leo hakuna nafasi."
Si langu, ni la karani, sikio halisikii.