Damu Haisemi Wapi

Saa tisa za usiku, Kadutu. Umeme umekatika tena.
Nsimire wamemleta kwa kipoi, vijana wanne,
matope yamewafika magotini,
mimba ya miezi saba iko mbele yake kama mzigo wa mtu mwingine.
Anatetemeka. Meno yanagongana.
Mama mkwe alishatoa hukumu tangu nyumbani:
"Ni malaria. Mpeni dawa, turudi."

Mimi ni Zihindula wa labo.
Mlango wangu uko baada ya choo, kabla ya stoo.
Sishiki tumbo la mtu, sisikilizi moyo wa mtoto.
Mimi huletewa watu wakiwa ndani ya vichupa.

Nachoma kidole. Tone, kioo, rangi, darubini
inayomulikwa na betri ya pikipiki:
malaria hakuna.
Naangalia mara ya pili, maana mama mkwe amesimama mlangoni.
Mkojo wake ni mto Kawa siku ya mvua;
ukanda umegeuka zambarau kabla sijamaliza kuhesabu.

Lakini mkojo mchafu una maneno mengi.
Wapo wanaobeba vijidudu na kwenda sokoni wakicheka.
Swali la dokta Namwezi ni moja:
moto uko chini, kwenye kibofu,
au umeshapanda hadi kwenye figo?
Kuotesha vijidudu kunataka siku,
na sahani za kuoteshea ziko Ibanda, ng'ambo ya barabara mbovu.
Siku hizo mtoto wa miezi saba hana.

Basi naiuliza damu.
Naizungusha, naingoja itulie,
juu yanabaki maji ya manjano kama chai ya mchaichai.
Chembe nyeupe: elfu kumi na nane.
Sikimbii. Mimba yenyewe hupandisha chembe nyeupe,
kama nyumba inayongoja mgeni inavyoongeza walinzi.
Se-er-pe: mia moja na kumi na mbili.
Hapo nikakaa kwenye kiti.

Damu haisemi ni wapi kunaungua.
Inasema tu: kunaungua.
Wapi, ulisema mkono wa dokta
ulipomgonga ubavuni, nyuma, upande wa kulia,
na Nsimire akamwita mama yake, marehemu.

"Analala hapa."
"Kwa pesa ya nani?"
Hakuna aliyejibu. Sindano ikaingia mshipani.

Kesho yake: mia moja na thelathini.
Cirhuza, mumewe, akanijia na karatasi mkononi,
"Dawa yenu inalisha ugonjwa?"
Nikamwambia namba hii ni kama habari ya kijijini,
hufika mjini imechelewa.
Mguse mkeo paji la uso, nikasema.
Akaenda kumgusa. Hakurudi kugombana.

(Mama yangu alimzika mdogo wangu wa mwezi wa saba.
Walisema malaria. Mkojo wake hakuna aliyeutazama.
Sijamwambia mtu yeyote hapa kazini.)

Siku ya tatu, sitini na moja.
Siku ya tano, ishirini, na mtoto anapiga teke
hadi shuka linainuka.
Nsimire akaomba aione namba yake mwenyewe.
"Ishirini ni nini?"
Ni moto wa kuchemshia chai, nikasema,
si wa kuchoma nyumba. Lakini bado ni moto:
vidonge uvimalize, na urudi tuupime tena mkojo.
Akaikunja karatasi mara nne,
akaifunga kwenye pindo la kitenge, pamoja na pesa ambazo hazikutosha.

Siku ya sita jibu la Ibanda likafika kwa pikipiki,
kona moja imelowa mvua:
jina refu la Kilatini, na dawa ileile tuliyokwisha kumpa.
Nikaligonga muhuri.
Kitanda kilikuwa kimeshapata mtu mwingine.