Kwa Goti la Kulia

Kesho saa mbili asubuhi, hospitali ya Bradford,
watakutoa. Daktari Siddiqui amenichorea kwenye karatasi:
chuma hapa, plastiki hapa, gundi.
Amesema mrithi wako atadumu miaka ishirini.

Basi tuzungumze, goti, kabla hawajanilaza.

Unakumbuka ghala la kiwanda cha sufu, Keighley,
walilolipaka chokaa wakaliita uwanja wa skwoshi?
Januari, na mpira ule mdogo kama tonge la lami;
ukiudondosha, unalala palepale.
Baba akasema: haudundi, Glenys, mpaka upigwe,
upigwe tena, upate moto.
Nilikuwa na miaka kumi na mmoja.
Nilidhani anazungumzia mpira.

Mchezo wetu si wa kutazamana.
Mpinzani yuko ubavuni, jasho lake lakurukia,
na nyote wawili mnauhoji ukuta mmoja.
Wewe ndiwe uliyeupigia ukuta ule goti
mara mia kwa jioni, bila sala.
Na chini yake bati. Ukiligonga, pointi imekwenda,
nalo linatangaza ukumbi mzima.
Hadi leo jirani akibamiza mlango wa jiko
najikuta nahesabu.

Rotterdam, fainali, seti ya tano.
Annelies Dijkgraaf akaudokoa mpira pembeni,
laini, kama mtu anayeweka kikombe mezani.
Nikatoka nyuma, miguu niponye,
nikaufikia.
Kitu ndani yako kikaalika, ta!
Mimi peke yangu nilisikia.

Tulishinda.
Bingwa wa wanaume, ukumbi uleule, alipewa hundi na gari.
Mimi nikapewa pasi ya mvuke
yenye plagi isiyoingia ukutani kwetu.

Baadaye nikakudanganya kwa sindano miaka sita.
Karachi, Perth, Cologne. Nambari nne duniani,
nikifua sketi kwenye beseni la hoteli,
nikiianika dirishani, nikiivaa mbichi.
Hukulalamika. Ulivimba tu, kimya,
kama shangazi aliyenyimwa salamu.

Ng'ombe akivunjika guu hurejea zizini.
Nilirejea. Zizi limekuwa nyumba za kupanga;
pale ilipochorwa herufi T, katikati,
mahali ambapo kila kona ni hatua mbili,
mtu ameweka kochi la kijivu.
Sasa navusha watoto wa shule, barabara ya Skipton.
Nasimama katikati, kibao mkononi,
na malori yananisubiri.
Hapo tu, asubuhi, huwa hulalamiki.

Annelies ameleta kadi. Yeye walimtoa la kushoto, mwaka juzi.
Neno moja tu, lile tuliloomba kwa refa
kila mmoja alipomzibia mwenzake njia:
Turudie?

Nimemwuliza daktari kama nitakuona ukishatoka.
Amecheka, akadhani ni mzaha.

Haya, lala.
Nimekuwekea barafu. Mazoea tu.