Jiwe la Sikio

Ofisi yetu iko ghorofa ya tatu, Dodoma,
mji usio na bahari, ambao jina lake, wasemao husema,
lilitokana na tembo aliyezama.
Nami huzama humo kila asubuhi,
saa mbili kasoro, kabla umeme haujaanza mizaha,
na sanduku la vichupa kutoka pwani,
na vumbi la Agosti kwenye kope.

Baba alipokuja kutoka Chipanga kunitazama
aliuliza, "Bahari yenyewe mmeificha wapi?"
Nikamwekea kiti mbele ya darubini.
Jiwe, dogo kuliko punje ya uwele,
limetolewa kichwani mwa kibua,
jiwe alilosikilizia maji maisha yake yote.
Pete juu ya pete: nyeupe, nyeusi, nyeupe.
Baba akanyamaza. Kisha,
"Hii ni pembe."

Maana yeye huusoma uzazi wa ng'ombe kwenye pingili za pembe.
Hapa alizaa. Hapa alizaa.
Hapa pana nafasi, mwaka ule wa njaa.
"Huyu wako naye," akasema, "kuna mwaka alikonda."

Ndiyo elimu yangu yote, Baba.
Umeimaliza kwa dakika tano.
Mimi nilisota miaka saba
na bodi ya mikopo bado inanidai.

Zamani walihesabu kilichoshuka ufukweni tu:
matenga mangapi, kilo ngapi, ushuru shilingi ngapi.
Samaki wakipungua, akalaumiwa mvuvi;
wakizidi, akapongezwa bwana mkubwa.
Bahari haikuulizwa.
Ilikuwa sahani, na nani huihoji sahani?

Wakazuka wabishi
waliouliza watoto wamekwenda wapi,
kwa kuwa mama mmoja hutaga mayai maelfu kwa maelfu
na wanaokua ni wa kuhesabu.
Wakalifuata lile vumbi hai likielea,
kwa nyavu laini kama chandarua,
wakaona mwaka mzima wa mvuvi
waweza kuamuliwa kwa juma moja:
vinywa vimefunguka, chakula hakijafika.
Maji ya kilindini yamechelewa kupanda
na ubaridi wake, na mbolea yake.
Ni mvua, Baba, iliyokawia
na mtama umekwisha kuota.
"Aa," akasema.
Hilo halikuhitaji darubini.

Siku hizi setilaiti hutuletea ukijani wa maji,
maboya hupiga mbizi yenyewe na kuibuka na habari,
na kijana wetu Ndahani,
ambaye hajapata kulowa zaidi ya bwawa la Hombolo,
ana bahari ndani ya kompyuta.
Ameigawa vyumba vyumba,
kila chumba na joto lake, chumvi yake, njaa yake.
Huiendesha usiku, isigombanie umeme na feni.
Anasema yaja siku tone moja litawataja
wote waliopita humo,
kama mlinzi mbeya wa getini.

Namwamini. Ila najua pia
kwamba daftari za tisini na mbili hadi tisini na saba
zililiwa na mchwa stoo,
na hakuna kompyuta ya kuwatapisha.
Miaka sita.
Hapo pembe yetu ina nafasi,
wala si ya njaa. Ni ya kabati.

Jioni nikampeleka soko la Majengo.
Akanunua dagaa wakavu, visado viwili,
akabishania bei kwa Kigogo
na mama muuzaji aliyejibu kwa Kisukuma,
wakaelewana.
Akawageuza kiganjani kama mtu achaguaye mbegu.
"Hawa nao wana mawe?"
Wanayo, Baba. Madogo mno.
Akamtia mmoja kinywani,
akatafuna taratibu, taratibu sana,
amefumba macho,
akisikiliza.